Gurudumu la vipuri vya kuokoteza: ringi ipi, habu ipi, spoki zipi

Ukisimama mbele ya rundo la vyuma vya baiskeli, iwe gulioni au nyuma ya kibanda cha fundi, mkono huenda kwanza kwenye habu inayong'aa, yaani kitovu cha gurudumu. Iache kwanza. Kinachoamua gurudumu lako ni tairi, na tairi lenyewe halimo kwenye rundo hilo. Limo kwenye duka la vipuri lililo karibu na nyumbani kwako. Ringi nzuri isiyo na tairi mtaani kwako itaning'inia ukutani, na kazi yote ya kusuka, yaani kuunganisha ringi na habu kwa spoki, itakuwa bure. Kwa hiyo linganisho la kwanza ni la saizi, na hapo ndipo wengi wanapoteza fedha.

Kuna 28 mbili na 26 mbili

Baiskeli za mzigo tulizozizoea, Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana na nyingine zilizofuata umbo la zile za Kiingereza, huvaa tairi lililoandikwa 28 x 1½. Kama maandishi hayajafutika, pembeni utakuta pia namba kama 40-635. Hiyo 635 ndiyo ya kuamini. Ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya nazo huitwa 28, lakini namba yake ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, ila inatosha kuharibu kila kitu: tairi la 622 halipandi kwenye ringi ya 635 hata ulivute vipi, na tairi la 635 ukilivisha ringi ya 622 litachomoka ukianza kulijaza upepo.

Kwa 26 hali ni mbaya zaidi, maana tofauti ni milimita 31. Baiskeli za milimani zina ringi ya 559, na tairi zake huandikwa upana kwa nukta: 26 x 1.95, 26 x 2.10. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele, ambazo wengi wanazipenda kwa akina mama na wanafunzi, kwa kawaida ni 26 x 1⅜, yaani 590. Ukiona upana umeandikwa kwa sehemu badala ya nukta, simama na uulize kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Kijijini, chukua 635, kwa sababu tairi na tyubu zake hupatikana hata kwenye duka linalouza sabuni na chumvi. Mjini, 559 ni rahisi kuhudumia na chaguo la matairi ni kubwa. 622 ina faida kwa anayetaka gurudumu jepesi na anaishi karibu na soko kubwa la mtumba. 590 ichukue pale tu unapokuwa na tairi zima mkononi, na la akiba likiwezekana.

Usidhani pia kwamba fremu itakubali saizi yoyote inayoingia. Ukiweka ringi ya 559 kwenye fremu iliyotengenezewa 590, viatu vya breki vitabaki juu ya ringi kwa zaidi ya milimita 15, na breki nyingi haziwezi kushushwa kiasi hicho.

Ringi: chuma au alumini

Ringi ya chuma inavumilia. Ikipigwa na jiwe inabonyea, na fundi anairudisha kwa nyundo na kipande cha mti. Alumini ikibonyea vibaya na kurudishwa, mara nyingi hupata ufa, hasa kuzunguka tundu la spoki. Kwa anayebeba magunia ya mkaa au mikungu ya ndizi kwenye njia ya mawe, mbali na fundi, hoja hiyo peke yake inatosha kuchagua chuma.

Lakini chuma kina kasoro mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni mvua. Kiatu cha mpira kwenye ringi ya chuma iliyopakwa kromu hushika vibaya sana ikilowana, na kwenye mteremko mrefu hilo si jambo dogo. Alumini ikilowana bado inashika kwa heshima. Ya pili ni kutu, ambayo huanzia ndani, kwenye matundu ya spoki chini ya utepe unaoyafunika, mahali usipopaona unaponunua. Ingiza kidole na upapase kila tundu. Ukisikia magamba, rudisha.

Halafu liko jambo la breki za vyuma, zile za fimbo. Viatu vyake havibani pembeni mwa ringi. Vinaivuta kutoka ndani, upande unaotazama habu, na ndiyo maana ringi za Phoenix na wenzake zina mabega mawili ya duara upande huo. Ringi ya alumini yenye pembe bapa haina mabega hayo, kwa hiyo breki ya fimbo haiwezi kuishika. Na ringi yenye mabega haina ukuta bapa wa kubanwa na breki za waya. Nimeona watu wakisuka gurudumu safi kabisa, limenyooka, kisha wanagundua kwamba halina breki. Amua breki kabla ya ringi.

Kupima ringi iliyotumika ni kazi ya dakika moja, na usiiruke. Ilaze juu ya kioo au sakafu ya saruji iliyo sawa. Ikicheza zaidi ya milimita tatu hivi, iache. Spoki zinaweza kulazimisha ringi iliyopinda ionekane imenyooka, lakini zitafanya hivyo kwa kukazwa sana upande mmoja na kulegea upande wa pili, na zile zilizolegea ndizo zitakazokatika. Kwa alumini ongeza kipimo kimoja: pitisha ukucha kwenye ukuta wa breki. Kama umelika na kuwa na shimo kama kijiko, ringi imefika mwisho hata kama inang'aa.

Matundu yasipolingana

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zina matundu ya spoki 32 mbele na 40 nyuma. Za milimani na za mtumba nyingi zina 36 au 32 pande zote mbili. Kwa hiyo rundo la kawaida litakupa ringi ya 40 na habu ya 36, au kinyume chake, na utaambiwa haziendi pamoja.

Kabla ya kukata tamaa, tafuta jozi zinazolingana kutoka baiskeli tofauti kabisa. Ringi ya mbele ya Phoenix ina matundu 32, na habu nyingi za kisasa za nyuma zina 32. Gurudumu hilo litasukika kama vile lilizaliwa pamoja. Kwa mzigo mzito nyuma ningetaka 36 au 40, ila kwa mtu mmoja anayekwenda kazini 32 zinatosha sana.

Zisipolingana kabisa, uliza kipi kina matundu mengi. Habu ikiwa na mengi kuliko ringi, inawezekana. Ringi ikiwa na mengi kuliko habu, kataa.

Sababu ni hii. Ringi huvutwa kushoto, kulia, kushoto, kulia, kila spoki ikisawazisha jirani yake. Ukiacha tundu la ringi tupu, pale upande mmoja unashinda, na ringi inapinda papo hapo hata ukaze vipi. Lakini tundu tupu kwenye habu haliinyimi ringi chochote. Kila tundu la ringi bado lina spoki yake, isipokuwa baadhi zinatoka kwa pembe tofauti kidogo.

Chukua habu ya 36 na ringi ya 32. Kila sahani ya habu, yaani ule ukingo wa duara wenye matundu kila upande, ina matundu 18 na unahitaji 16. Acha mawili yanayotazamana, yaani ukihesabu kutoka moja, la tisa baada yake. Kwenye sahani ya pili acha mawili pia, ila yawe robo mzunguko kutoka yale ya kwanza, ili mapengo yasikutane. Spoki zinazopakana na pengo zitahitaji urefu tofauti kwa milimita chache, zingine ndefu, zingine fupi, kwa hiyo fanya hivi pale tu unapokuwa na spoki za urefu mbalimbali za kuchagua. Ni suluhisho la gurudumu la mbele la kutembelea. Gurudumu la nyuma la mzigo lisukie habu na ringi zenye idadi moja, hata kama utasubiri wiki tatu hadi upate.

Habu

Habu husamehe zaidi ya ringi, kwa sababu vitu vyake vingi vinabadilishwa. Gololi ni bei ndogo: kwa kawaida mbele ni kumi za inchi 3/16 kila upande, na nyuma ni tisa za robo inchi. Koni, vile vipande vya kwenye ekseli vinavyobana gololi, zikichimbika hununuliwa. Kisichobadilishwa kirahisi ni kikombe, ule mduara wa ndani ambamo gololi hukimbia. Futa grisi yote, mulika kwa tochi ya simu, pitisha ncha ya kalamu. Kikombe kikiwa laini, chukua habu hata kama nje imechoka. Kikiwa na vishimo, hata ing'ae vipi, utaisikia ikisaga kila siku.

Kati ya habu ya chuma na ya alumini, mimi naangalia sahani kuliko jina la chuma. Sahani nyembamba ya bati huacha shingo ya spoki ikicheza, na spoki inayocheza hukatika. Dawa yake ni washa ndogo, kile kiduara chembamba cha chuma chenye tundu, chini ya kichwa cha spoki, na inafanya kazi vizuri. Sahani ya alumini ni nene na hushika shingo sawasawa, lakini itazame kati ya tundu na tundu: ufa mwembamba kama unywele hapo unatosha kuikataa. Makovu ya spoki za zamani yanakuonyesha zilielekea wapi. Fuata makovu hayo, usiyakate kwa mwelekeo mpya.

Upana nao una neno. Habu ya nyuma ya baiskeli ya milimani ni milimita 135 kutoka nati hadi nati, na fremu za mtindo wa Phoenix ni nyembamba zaidi. Fremu ya chuma inapanuka kidogo bila madhara, lakini kuifungua kwa nguvu ili imeze habu pana ni kuipinda. Kwa friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga pedali, habari ni njema zaidi: ile ya kukaza kwa mzunguko, ya gia moja au nyingi, kwa kawaida ina uzi mmoja, hivyo habu ya zamani na friwili mpya huelewana. Habu ambayo gia zake huteleza kwenye vijino ni aina nyingine, haipokei friwili hiyo.

Spoki: hapa ndipo ninaposhauri ununue mpya

Ringi ya mtumba, sawa. Habu ya mtumba, sawa kabisa. Spoki za mchanganyiko, kutoka magurudumu manne tofauti, sizishauri kwa gurudumu la nyuma, na sababu si urembo. Spoki hukatika karibu kila mara shingoni, pale inapojikunja kuingia kwenye habu, na hukatika kwa uchovu uliojikusanya mzunguko baada ya mzunguko. Uchovu huo hauonekani kwa macho. Spoki iliyokaa kwenye gurudumu lililolegea inaweza kuwa imebakiza maisha mafupi huku inang'aa. Kama gurudumu ulilolifungua lilikuwa limeshakata spoki mbili tatu upande mmoja, tupa zote za upande ule.

Za zamani zinafaa zikiwa zimetoka gurudumu moja, zimenyooka, uzi wake ni safi, na unazirudisha kwenye kazi ileile. Unapozifungua, tenga zilizokuwa na kichwa ndani ya sahani na zilizokuwa na kichwa nje. Shingo zake zimeshajikunja tofauti, na ukizichanganya unaanza kuzikunja upya. Nati za spoki nunua mpya siku zote, za shaba ikiwezekana. Nati kuukuu iliyolika pembe itakuaibisha gurudumu likiwa nusu.

Unene: spoki ya kawaida ni milimita 2.0, zipo za 2.3 na za 2.6 kwa mizigo. Usichanganye unene upande mmoja. Spoki nene haivutiki sawa na nyembamba, na kila unene una nati yake. Ukiwa na aina mbili, nene ziende kulia kwenye cheni, nyembamba kushoto, na gurudumu litakuwa imara. Kutoboa habu upya ili ipokee spoki nene ni kuidhoofisha sahani.

Kwa wa Tanga, Mombasa na Unguja: chumvi ya hewani hula spoki za kupakwa zinki haraka kuliko bara. Pwani, spoki zisizoshika kutu zinastahili bei yake, pamoja na tone la mafuta kwenye kila uzi kabla ya kukaza.

Urefu unaamua kupishana

James Starley wa Coventry alipata hataza ya spoki za kupishana mwaka 1874, na tangu hapo sababu haijabadilika: spoki inayotoka kwa mshazari huisukuma ringi mbele cheni inapovuta, ile iliyonyooka kutoka katikati haiwezi. Kwa mwenye vipuri vya kuokoteza kuna faida nyingine. Habu na ringi zilezile hupokea urefu tofauti, kulingana na spoki moja inapishana na nyingine ngapi.

Mfano: ringi ya 559 ambayo kipenyo chake kutoka nati hadi nati ni milimita 540, habu ya matundu 36 ambayo duara la matundu yake ni milimita 45, na sahani iko milimita 35 kutoka katikati.

| Kupishana | Urefu wa spoki |
|---|---|
| Hakuna, zimenyooka | 249 |
| Mara moja | 250 |
| Mara mbili | 254 |
| Mara tatu | 261 |
| Mara nne | 268 |

Kwa hiyo ukipata fungu la 254 badala ya 261, usilitupe. Pishanisha mara mbili. Na ukiwa na kumi na nane za 261 na kumi na nane za 254, weka mara tatu upande wa cheni na mara mbili upande wa pili. Gurudumu kama hilo linafanya kazi vizuri, na mara nyingi ndilo jibu la rundo lisilolingana. Zilizonyooka ziwe za gurudumu la mbele tu, na habu iwe nzima, kwa sababu zinavuta sahani kwenda nje kwa nguvu.

Anayetaka hesabu: zidisha 360 kwa idadi ya kupishana, gawanya kwa matundu ya sahani moja, upate pembe. Kisha urefu ni √(R² + r² + w² − 2Rr × kosaini ya pembe), ukitoa nusu ya upana wa tundu la habu. R ni nusu ya kipenyo cha ringi, r nusu ya duara la matundu ya habu, w umbali wa sahani kutoka katikati. Kipenyo cha ringi usikisie. Chukua spoki mbili unazojua urefu wake, zipitishe na nati zake kwenye matundu yanayotazamana, zinyooshe, pima nafasi iliyobaki kati ya ncha zake, jumlisha na urefu wa spoki hizo mbili. Kwenye gurudumu la nyuma lenye gia nyingi, upande wa cheni spoki huwa fupi kwa milimita moja au mbili.

Pungufu ya milimita moja au mbili inavumilika, nati bado inashika uzi wa kutosha. Iliyozidi itachungulia juu ya nati na kutoboa tyubu. Ikate kwa tupa, kisha ufunike matundu kwa ukanda wa tyubu kuukuu.

Ningemshauri nani nini

Mbeba mzigo: ringi ya chuma ya 635 yenye matundu 40, habu ya 40 yenye kikombe safi, spoki mpya nene, kupishana mara nne. Hapa okoa fedha kwenye ringi na habu, usiokoe kwenye spoki hata moja.

Mwanafunzi au mfanyakazi wa mjini: alumini ya 559, matundu 36, habu ya mtumba, spoki za gurudumu moja la zamani kama zimepita ukaguzi, mara tatu au mchanganyiko wa tatu na mbili. Hili ndilo gurudumu ambalo kuokoteza kunalipa kuliko yote.

Mwenye baiskeli ya Kijapani ya 590 na ringi iliyokufa: usibadili saizi kwa sababu ya breki. Tafuta ringi ya 590 kwa waliovunja baiskeli nzima, na uulize tairi siku hiyohiyo.

Na aliyepewa bei ya gurudumu jipya lililosukwa kiwandani, akiona ni karibu sawa na gharama ya vipuri: linunue, lakini usilipande kama lilivyo. Mengi hufika spoki zimelegea. Lipeleke kwa fundi azikaze zote, abane spoki mbilimbili kwa mkono ili zikae shingoni, anyooshe tena. Hilo la kubana mbilimbili lifanye pia kwa ulilosuka mwenyewe, kisha lirudishe kwenye uma wa baiskeli iliyogeuzwa juu chini baada ya wiki ya kwanza ya kupanda, ugonge kila spoki na usikilize: upande mmoja zote zilie karibu sauti moja, na iliyonyamaza ndiyo ya kukaza.